Tanga hadi Dar: kilomita 200 za angani, 350 za lami

Barazani Tanga ubishi huu hauishi: ndege ya kwenda Dar ina faida, au ni mbwembwe tu?

Tuanze na umbali. Kiwanja cha Tanga na kile cha Julius Nyerere vimekaa karibu mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kilomita 200 hivi ukinyoosha kamba. Basi halina kamba hiyo. Linatoka stendi ya Kange na kuipa bahari kisogo, Muheza, Segera, ndipo ligeuke kusini hadi Chalinze, kisha lirudi mashariki kuitafuta Dar. Jumla inakaribia kilomita 350. Yaani 150 ni za kuzunguka.

Mtetezi wa ndege atasema hesabu imekwisha. Bado. Kilomita 200 kwa ndege kubwa ni robo saa tu, ila hizo hazitui Tanga. Inayotua ni ndogo, mfano Cessna Caravan: injini moja ya pangaboi, abiria kumi na wawili hivi, kasi ya kilomita 300 kwa saa. Ikienda moja kwa moja ni dakika 40 hadi 50, kupaa na kutua humo humo. Ikipitia Pemba na Unguja inaruka kilomita 85, kisha 125, kisha 70 na ushei: karibu 280, na kila kituo kina kushusha na kupakia. Ongeza kuripoti mapema na foleni ya Barabara ya Nyerere ukishatua. Hapo unakuwa umetumia saa tatu, pengine nne, tangu ufunge mlango wa nyumba.

Basi nalo lina uongo wake. Zile saa tano au sita tunazotajiana zinaishia stendi ya Mbezi, pembezoni mwa Dar. Wa Kariakoo ana safari nyingine mbele yake, na jua limeshamchosha.

Kwa hiyo ndege inaokoa kama saa tatu. Mgonjwa wa hospitali ya Bombo, Tanga, aliyepewa rufaa ya Muhimbili atazilipia akiweza, na mwenye kikao cha asubuhi pia. Mwenye gunia la machungwa ya Muheza hata umpe tiketi bure hapandi, maana mzigo kwa kawaida ni kilo 15. Na barabara ya pwani inayojengwa, Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, ikikamilika itamtoa msafiri kwenye mzunguko wa Segera. Hapo hoja ya ndege ya Dar itapungua nguvu zaidi.

Mimi naona tunabishania njia isiyo yenyewe. Kiwanja cha Tanga thamani yake iko ng'ambo. Pemba ni kilomita 85 tu, dakika 20 au 25 za angani, na hakuna lami itakayofika huko. Mpinzani atasema vyombo vya baharini vipo tangu enzi za mababu, na ni kweli. Ila chombo husubiri bahari itulie, na kuna miezi haitulii upesi. Aliyekosa chombo na ndege ana njia moja: apande basi la kusini hadi Dar, alale, avuke kwa boti hadi Unguja, kisha aanze kurudi kaskazini kuifuata Pemba, ambayo asubuhi alipotoka nyumbani ilikuwa ng'ambo pale tu.