Dola Matundu 24

Kila mtu ana pake pa kuficha pesa akisafiri. Kuna wa soksi, kuna wa sidiria, na shoga yangu mmoja huzifukia kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa hiyo kila akikaguliwa mpakani anaondoka mweupe kama mzuka. Mimi ni wa gagulo.

Mwaka 2024 nilikuwa naenda Lubumbashi, Congo, kufuata vitenge. Dar hadi Tunduma, ukate Zambia, uingilie Kasumbalesa. Nilikuwa na dola 300, noti tatu za mia mia nilizonunua Kariakoo bila hata kuzitazama usoni. Nikazibana pamoja, nikazikunja mara mbili, nikazidunga kwenye gagulo kwa pini kubwa ya nepi, ikaingia huku ikatokea huku. Mwizi angetaka zile pesa ilibidi kwanza alete posa.

Hesabu ambayo sikuipiga ni hii. Noti ikikunjwa mara mbili ina tabaka nne. Pini ikiingia na kutoka, ni matundu manane. Noti tatu, matundu 24.

Lubumbashi wabadilisha pesa wanaitwa kambisti. Wanakaa barabarani chini ya mwavuli, na mezani wamejenga ukuta wa faranga kama matofali, kila bunda na mpira wake. Ukifika huulizwi habari za safari. Kijana alipokea noti yangu ya kwanza kwa ncha za vidole, akaipandisha juani kama daktari na picha ya kifua. Mwanga ukapenya. Franklin, yule mzee wa kwenye picha ya noti ya mia, alikuwa na tundu la pua la tatu.

“Hii ilitobolewa, mama.”

“Ni pini tu, mdogo wangu.”

“Njo vile. Ilitobolewa.”

Nikampa ya pili. Hii ilikuwa na matundu yake manane, tena nilipoichomoa kwa haraka kule gesti pini ilichana ukingo, mchano wa urefu wa punje ya mchele. Hakuinyanyua hata juani. Alipitisha kidole gumba pembezoni, kikakwama, akanirudishia. Ya tatu hakuigusa. Aliiona kwa mbali haina ule utepe wa bluu uliokuja na mia mpya za Oktoba 2013, akainama kusoma mwaka ulioandikwa mbele: 2006. “Hii ya wazee.”

Nikamwambia Marekani wenyewe hawajafuta noti yoyote, hata ya zamani kuliko hiyo. Akaniambia niipeleke Marekani.

Na ukifikiri, kijana alikuwa na hoja. Congo bidhaa kubwa zinauzwa kwa dola, lakini dola haina kwao pale. Faranga ikichakaa, benki kuu ya nchi ipo. Dola ikichakaa, lazima isafirishwe nje ya nchi, na gharama ya safari hiyo hakuna anayetaka kuibeba. Basi kila mtu anakagua ili asiwe wa mwisho kubaki nayo. Noti ya dola moja ndiyo usiseme. Wengi hawaitaki hata ikiwa imetoka kiwandani asubuhi.

Nilirudi gesti nikiwa na mpango. Utotoni tulikuwa tukigundisha tiara kwa ugali. Ugali wa Lubumbashi unaitwa bukari, na nilikuwa nimebakiza tonge sahanini. Nikachukua kiasi cha kichwa cha kiberiti, nikapaka kwenye mchano, nikaazima pasi, nikainyoosha noti juu ya taulo. Ilitoka imenyooka kama sare ya mgambo.

Kesho yake nikaenda kwa kambisti mwingine, mzee wa makamo. Akasugua kwanza bega la Franklin, maana noti halali pale huparuza kidogo. Akaridhika. Akapitisha kidole ukingoni. Akasita. Akaisogeza puani.

“Mama, hii dola inanukia bukari.”

Meza tatu za jirani zilisimamisha biashara ili zicheke vizuri. Mmoja akauliza kama ninayo na ya samaki.

Mzee alinihurumia. Ile yenye matundu matupu ataichukua, lakini kwa dola 85, kwa sababu naye atamwachia kwa hasara msafiri anayekwenda kusikokaguliwa hivyo. Za bukari na 2006 nirudi nazo nyumbani. (Nilirudi nazo. Kariakoo zilipokelewa zote mbili, ile ya 2006 kwa bei ya chini kidogo, na aliyezipokea hakunusa kitu.)

Dola ilikuwa faranga 2,800, kwa hiyo nilipaswa kupata 238,000. Hapo angalau sikuwa mjinga. Dola yangu niliishika mkononi hadi nilipomaliza kuhesabu, nikafungua kila bunda, nikatazama katikati, maana noti moja ikikunjwa ndani ya bunda inahesabiwa mara mbili. Na nilihesabu palepale mezani. Ukishainuka na kurudi, hakuna atakayekusikiliza.

Katika kuhesabu nikakuta 500 isiyo na pembe, imebandikwa selotepu mgongoni, rangi ya chai ya rangi, inanuka dagaa. Nikaisukuma pembeni kwa ncha ya ukucha, kama walivyonifanyia wao.

Mzee alinitazama kwa mshangao wa kweli. “Mama, hii iko na shida gani?”

“Imechanika, baba. Haina pembe.”

“Lakini hii ni faranga,” akasema, akairudisha kwenye bunda.

Zilikuwa noti za 1,000 na za 500, zimepita 300 kwa idadi. Nilijifungia chooni sokoni, nikainua gagulo, nikatoa pini yangu ya nepi. Nikasukuma. Ilipinda.