Milimita 0.76: ubongo hai chini ya MRI ya difusheni

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walichapisha picha za MRI ya difusheni (upigaji picha kwa sumaku unaofuata jinsi maji yanavyosambaa mwilini) za ubongo mzima wa mtu aliye hai, zenye vokseli, yaani vichemraba vinavyounda picha, vya milimita 0.76 kila upande. Ubongo huo ni wa mtu mmoja mwenye afya, aliyepimwa katika vipindi tisa vya saa mbili mbili. Wapo wanaoona huo ndio mwelekeo sahihi wa taaluma hii. Wapo pia wanaouliza kama ukali wa picha unatibu udhaifu mkubwa wa kipimo hiki.

Kipimo hiki hufuatilia mwendo wa molekuli za maji. Katika sehemu nyeupe ya ubongo, maji husogea kwa urahisi zaidi kuufuata urefu wa nyuzi za neva kuliko kuzikata kwa upande, na kutokana na tofauti hiyo mwelekeo wa nyuzi hukadiriwa katika kila vokseli. Vokseli za hospitali kwa kawaida huwa na milimita 2 hivi au zaidi, ilhali gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, lina unene wa wastani wa milimita 2.5 tu. Kwa hiyo vokseli moja mara nyingi huchanganya gamba, majimaji na nyuzi zilizo chini yake, na zile nyuzi fupi zinazojipinda kutoka mkunjo mmoja hadi wa jirani huonekana kwa shida sana. Hapa hoja ya wapenda ukali ina nguvu, nami naikubali bila kusita.

Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa. Vokseli ya milimita 0.76 ina ujazo ulio chini ya ule wa milimita 2 kwa takriban mara 18, na ishara ambayo mashine hupokea kutoka humo hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Kufidia pengo hilo kwa kurudia vipimo peke yake kungedai muda wa zaidi ya mara 300, kwa sababu ukitaka kupunguza kelele, yaani chengachenga zinazoharibu picha, kwa nusu ni lazima upime mara nne. Ndiyo maana watafiti hao walitumia mashine maalumu ya Connectom, yenye gradienti (mabadiliko ya nguvu ya sumaku kutoka sehemu moja hadi nyingine) za hadi militesla 300 kwa mita, koili ya kichwa (antena ya kupokea ishara) yenye chaneli 64, na kishikizo kilichotengenezwa kulingana na umbo la kichwa cha mshiriki mwenyewe. Kishikizo hicho si pambo: kichwa kikisogea milimita moja tu, kimekwisha kupita vokseli nzima. Mtoto mdogo, au mzee anayetetemeka, hawezi kutulia hivyo kwa saa mbili, sembuse mara tisa.

Pingamizi zito zaidi linahusu maana ya picha zenyewe. Nyuzi nyingi za neva zina kipenyo cha takriban mikromita moja, hivyo hata vokseli ya milimita 0.76 hubeba maelfu kwa maelfu ya nyuzi. Mwaka 2017 matokeo ya timu 20 za kimataifa zilizochora njia za neva kwa kompyuta yalilinganishwa na njia zilizojulikana tangu mwanzo. Programu nyingi zilipata sehemu kubwa ya njia za kweli, lakini zikazalisha njia za uongo nyingi kuliko za kweli. Mafungu mawili yanayokutana kisha kuachana, na mafungu mawili yanayokatana, yanaweza kuonyesha mielekeo ileile. Ukali zaidi hupunguza utata huo, hauuondoi.

Kwa maoni yangu, thamani kuu ya data hizi ni kuwa kipimo cha kupimia vipimo vingine: unaweza kuzipunguza ukali hadi milimita 2, ukaipa programu kazi ya kurejesha kilichopotea, kisha ukaihukumu kwa kile unachokijua. Hofu yangu ni kwamba programu iliyofunzwa kwa ubongo mmoja wenye afya inaweza kuchora njia zenye afya ndani ya ubongo wenye uvimbe, na daktari wa upasuaji akaziamini. Ningependa basi saa 18 zinazofuata zigawiwe watu wa umri na hali tofauti, kwa vokseli ya milimita 1. Kwa hesabu ileile ya ishara na kelele, ubora unaolingana ungehitaji takriban moja ya tano ya muda, yaani chini ya saa nne kwa kila mtu, na gamba la milimita 2.5 bado lingepata vokseli mbili au zaidi katika unene wake.