Mlevi akikugonga, bima ilipe?

Chukua mfano huu. Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, Thika Road. Gari dogo linakuja likiyumba kutoka upande wa Roysambu, linamvaa mhudumu wa bodaboda anayesambaza mikate, na mguu wake unavunjika mahali pawili. Dereva anashuka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Umati unaokusanyika umeshakata kauli: huyu amelewa, kwa hivyo atalipa.

Hapo kwenye "kwa hivyo" ndipo penye matata. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamtisha anayeendesha akiwa mlevi kwa faini isiyozidi Sh100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Faini hiyo huenda serikalini. Mwenye mguu uliovunjika haoni hata senti yake, na akitaka fidia itambidi afungue kesi ya madai, ambayo ina njia zake.

Swali linalogawanya watu ni nani atoe pesa hizo. Kampuni za bima zina hoja, na sipendi inavyobezwa. Bei ya bima hupangwa kwa kukisia hatari za kawaida: tairi kupasuka, dereva kughafilika, breki kukataa. Aliyemaliza chupa sita kisha akashika usukani hakupatwa na bahati mbaya. Ukimlipia, unamchangisha mwalimu wa Machakos ambaye gari lake halijui njia nyingine ila ya shule na kanisa. Ndiyo maana mikataba mingi ya bima humtenga dereva mlevi.

Lakini tazama upande wa pili. Bodaboda wetu hakutia saini mkataba wowote. Hakuchagua kampuni, hakusoma masharti, na hakuwa baa. Bima ikijitoa, anabaki na hukumu nzuri dhidi ya mtu ambaye pengine hana kitu zaidi ya gari lililokunjamana. Sheria ya bima ya lazima ya magari, Sura ya 405, iliona hilo. Mahakama ikishaamua kwamba mwenye bima anawajibika, kampuni yake hulipa hata kama ilikuwa na haki ya kuuvunja mkataba. Ugomvi wake na mlevi wataumaliza baadaye, imdai irudishiwe. Kwangu mimi huo ndio mpangilio wa haki, na hoja ya mwalimu wa Machakos inajibiwa hapo hapo: deni halifutwi, linahamishwa kutoka kitandani mwa majeruhi hadi mlangoni mwa mlevi.

Mpangilio huo una matundu, hata hivyo. Kampuni inapaswa kupewa notisi ya kesi kabla haijafunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Wakili akizembea, kampuni itakuwa na njia ya kutokea. Halafu kuna kikomo cha Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Kwa mguu uliounga vizuri zinatosha. Kwa kijana aliyepooza na atakayehitaji mtu wa kumgeuza kitandani maisha yake yote, ni pesa za miaka michache, na kinachozidi itabidi akitafute kwa mlevi mwenyewe.

Jambo jingine ambalo umati wa pale barabarani haulijui: katika kesi ya madai si lazima kuthibitisha ulevi. Kinachotakiwa ni uzembe, na uzembe hupimwa kwa lipi lina uwezekano zaidi. Hakuna anayedai uhakika usio na shaka. Gari kuhama upande wake ni uzembe hata kama dereva alikuwa amekunywa chai. Ulevi husaidia, na hukumu ya jinai ya kumtia dereva hatiani ni silaha kubwa kwa majeruhi. Shida ni kwamba pombe haisubiri. Kufikia alasiri mwili umeshaichuja sehemu kubwa, na dereva asipopimwa mapema kwa alcoblow, kile kifaa cha kupima pombe kwenye pumzi, au kwa damu, kinachobaki ni maneno ya mashahidi. Nenda kituoni wiki mbili baadaye kuchukua abstrakti ya polisi, yaani karatasi yenye muhtasari wa ajali, mara nyingi utakuta pameandikwa tu kwamba uchunguzi unaendelea. Wanaoisubiri kesi ya jinai iishe ndipo waende kudai huweza kujikuta miaka mitatu, ambayo ndiyo muda wa kufungua madai ya namna hii, imewapita.

(Abiria wa mlevi ni habari nyingine. Aliyepanda gari akimwona dereva anashindwa hata kuingiza ufunguo anaweza kukatwa sehemu ya fidia, kwa kuwa naye alichangia.)

Ndipo familia ya dereva inapokuja wodini na matunda na bahasha. Wengi huwasema vibaya wanaopokea. Mimi siwasemi. Kesi huenda miaka, kodi ya nyumba ni ya kila mwezi, na mtu aliyelala hospitalini haendeshi pikipiki. Ila karatasi inayokuja na bahasha hiyo kwa kawaida hufunga madai yote, na daktari hajasema bado kama mguu utahitaji kufunguliwa tena kuwekwa chuma. Bili ya hospitali ikilipwa na karatasi isitiwe saini mpaka ripoti ya daktari itoke, bodaboda hajapoteza kitu.