Sindano ya mgongo au nusu kaputi?

Mwambie mama mjamzito pale Kisumu kwamba atajifungua kwa upasuaji, na kisu hakitamtisha kama sindano ya mgongo, ile ya ganzi inayomwacha macho. Mitaani, kuanzia Kondele hadi Nyalenda, kiuno kikiuma hata miaka kumi baadaye, ni sindano ile ile inayolaumiwa.

Kiuno kinasingiziwa, ujauzito na kubeba mtoto vyatosha kukiumiza. Kichwa kuumwa baada ya sindano, hapana, hilo ni kweli. Hilo lilimpata hata mwanzilishi wake. Mwaka 1898, mjini Kiel, Ujerumani, daktari August Bier alimruhusu msaidizi wake Hildebrandt amdunge mgongoni. Bomba halikushika vizuri kwenye sindano, maji ya uti wa mgongo yakavuja. Wakabadilishana: Hildebrandt akadungwa kokeini kama ganzi, akapigwa nyundo muundi wa mguu asihisi kitu. Baadaye wote wawili waliumwa, na Bier alilazwa chali na kichwa siku kadhaa. Sindano nyembamba za leo zimepunguza tatizo hilo, ila mgonjwa anastahili kuambiwa kabla hajaambiwa “pinda mgongo kama paka, mama, usitikisike.”

Wanaosema njia zote mbili, sindano hiyo na nusu kaputi ya kulazwa usingizi kabisa, ni sawa wana ushahidi. Utafiti wa REGAIN wa 2021, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, haukuona tofauti ya maana katika vifo wala katika kutembea baada ya siku 60. Lakini huko mashine ya kupumulia iko, na stima haipotei katikati ya upasuaji. Katika hospitali ndogo ya kaunti, mgonjwa anayejipumulia mwenyewe ni nafuu kubwa. Kwa mama mjamzito zaidi: koo limevimba, kumwingiza mpira wa hewa ni kazi, na chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia mapafuni. Hapo mimi ni wa sindano, bila kusita.

Ila kuna wanaoisifu kana kwamba ni njia ya wasio na vifaa. Hapo nakataa. Dawa ile hushusha presha ghafla, na ganzi ikipanda hadi kifuani mgonjwa hushindwa kupumua. Mama anayevuja damu nyingi huenda asifae kudungwa kabisa. Atahitaji ketamini, dawa ya usingizi ya kudungwa, au nusu kaputi kamili. Kwa hiyo chumba kisicho na oksijeni, mpira wa hewa na mtu anayejua kuuingiza hakina ruhusa ya kugusa mgongo wa mtu, hata kama sindano zimejaa kabati.