Tiketi ya Alhambra: ukate kabla ya viza au baada?

Anayekwenda Granada, kusini mwa Uhispania, huambiwa jambo moja kabla ya mengine yote: kata mapema, wiki nyingi kabla ya safari, tiketi ya Alhambra, ile ngome ya kale yenye makasri ya wafalme Waislamu. Ushauri huo ni wa kweli, ila unamfaa zaidi mtu anayepanda ndege siku aitakayo. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, tarehe yake iko mikononi mwa ubalozi.

Sababu ya kukata mapema si maneno ya mawakala. Wanaoingia kwa siku wana idadi maalumu, na kiini cha Alhambra, yaani makasri ya Banu Nasri, ukoo wa wafalme Waislamu waliotawala Granada, huingiwa kwa zamu. Tiketi yako ina saa yake. Ukichelewa, zamu imekupita, hata kama umetoka Dar es Salaam. Kutoka mlango wa tiketi hadi makasri ni kama robo saa kwa miguu, na hapo ndipo wengi hukosea: hufika mlangoni saa ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi.

Mimi nauunga mkono utaratibu huo. Kuta zile ni plasta iliyonakshiwa katika karne ya 14. Zikiachiwa umati uzipapase, zitakwisha. Tena zimeandikwa, mara zisizohesabika, “Wa la ghaliba illa Allah”, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mswahili aliyepita chuoni kwa maalimu anaweza kuyasoma maneno hayo mwenyewe bila mwongozaji. Mtu kama huyo anataka nafasi ya kusimama, asisukumwe.

Lakini tiketi hiyo hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, kwa hiyo huwezi kumpa jirani ukikwama. Maombi ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Uhispania ikiwemo, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida huchukua siku 15, na yanaweza kufika 45. Ukingoja viza, huenda ukaipata wakati tiketi za siku zako zimekwisha, hasa majira ya kuchipua. Ukikata kabla, ukanyimwa viza, fedha imekwenda.

Hapo tupige hesabu. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Tiketi ya kawaida ya Alhambra haifiki euro 30. Msafiri wa peke yake aliyekwisha kuzitoa zile 90 sioni kwa nini aogope hizi, mradi anunue kwenye tovuti rasmi, si kwa wauzaji wa kati wanaopandisha bei. Familia ya watu sita ni habari nyingine: hao ningewashauri wangoje viza, wachague siku za baridi, watu wanapopungua.

Nisichokubali ni kuibebesha safari nzima tabia hii, kila saa na tiketi yake. Siku ya Alhambra iachwe bila miadi nyingine. Makasri, ngome na bustani za Generalife hula saa tatu kwa uchache, na miguu itasema. Mtaa wa Albaicín, kilima cha pili, unatembewa tu, uchochoro hadi uchochoro, bila kulipa.

Na aliyekosa tiketi asigeuze njia. Lango la Haki na kasri la Carlos V huingiwa bure. Kasri hilo lilijengwa ndani ya ngome na mfalme Carlos, mjukuu wa Isabel na Fernando, wale watawala Wakristo waliokabidhiwa mji na Abu Abdallah, mfalme wa mwisho wa Banu Nasri, tarehe 2 Januari 1492. Kisha jioni apande hadi uwanja wa San Nicolás, huko Albaicín. Kando yake kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 2003, karne tano baada ya Abu Abdallah kuondoka, na ng'ambo ya bonde la mto Darro kuta za Alhambra huwa nyekundu kama jina lake la Kiarabu lisemavyo, huku nyuma ikisimama Sierra Nevada na theluji yake.