Mzigo mzima, na bado unadaiwa: neno avarie na wafanyabiashara wetu

Jamaa yangu mmoja, muuza vitenge Kariakoo, kanionyesha barua ya kampuni ya meli. Mzigo wake haujalowa wala haujapotea, lakini hatoi hata robota moja bandarini mpaka aweke dhamana, eti meli ilipata matatizo njiani. "Ndugu yangu, huu si wizi?" Sauti ilimtetemeka.

Si wizi, na ndiyo maana nina hasira. Sheria ni ya haki kabisa, ila hakuna aliyemweleza.

Wafaransa wanaiita avarie commune, hasara ya wote. Neno avarie lilipitia kwa mabaharia wa Genoa, mji wa bandari wa Italia, nao, wasemavyo wataalamu wengi wa lugha, walilitoa kwa Waarabu: awar ni kasoro, awariya ni bidhaa zilizoharibika. Hata neno la Kiingereza average, yaani "wastani", limetoka humo humo, kwenye hesabu za kugawana hasara. Ufaransa ya leo, nyama iliyooza nayo ni avariée, na mwanzoni mwa karne ya 20 mgonjwa wa kaswende aliitwa avarié.

Lakini maana inayonigusa ni ile ya bahari. Dhoruba ikizidi, nahodha akatosa shehena ya Fatuma ili chombo kisizame, basi Ali ambaye mali yake imefika salama humchangia Fatuma kwa kadiri ya thamani ya mali hiyo. Mwenye meli naye huchangia. Warumi waliiandika kanuni hii kwenye sheria za mfalme wao Justinian mwaka 533, wakisema ni ya watu wa kisiwa cha Rhodes. Amri ya bahari ya Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, ya 1681 ina sura nzima ya avaries. Na meli ya makontena Ever Given ilipokwama kwenye mfereji wa Suez mwaka 2021, mwenye meli alitangaza avarie commune vilevile, wenye makontena wakatakiwa dhamana.

Haya, kampuni ya meli lazima ishikilie mzigo, la sivyo nani angelipa? Hilo nakubali, kwa shingo upande. Ila bima ya mzigo wa baharini kwa kawaida hubeba deni hili, na jamaa yangu hakuikata kwa sababu hakuwahi kuisikia. Nyinyi mnaokusanya mizigo ya kuchangia kontena kule Guangzhou, mtu akiwapa pesa mwambieni kuna avarie, na bima yake ni shilingi ngapi, kabla kontena halijafungwa.