Nilifuta Ofisi, Ikabaki Harusi

Ofisi yetu iko Kirumba, Mwanza, jirani na soko la samaki la Mwaloni. Ukifungua dirisha, harufu ya dagaa inaingia bila hodi. Mafaili yote ya kazi yanakaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu ya ofisi, na kila mtu anayaona kwenye kompyuta yake kama diski Z, utadhani ni mali yake mwenyewe. Mimi nilidhani hivyo hivyo.

Laptopu yangu ilikuwa imejaa. Nikakumbuka kwamba wiki iliyopita nilijinakilia folda ya mauzo, basi nikaisaka ili niitoe. Nikaiona, nikafuta. Kompyuta ikauliza kama nina hakika nataka ipotee kabisa. Nani anasoma maneno yale? Nikakubali. Kumbe folda ya kwangu ingeangukia kwenye pipa la taka, ningeirudisha. Ya kwenye seva yetu haina pipa: ni kama simu iliyokuponyoka ukiwa kwenye feri ya Kamanga.

Kazi ikaenda kwa kujikokota, maana seva huagizwa kufuta faili moja baada ya jingine, na yalikuwa maelfu. Nikasema mashine imezeeka hii, nikashuka kula ugali na sato. Nilikula kwa utulivu wa mtu aliyefanya usafi.

Nimerudi, nakuta kisanduku: faili hili halifutiki, limefunguliwa na mtu mwingine. Mtu mwingine? Ndani ya laptopu yangu? Nikainua macho taratibu hadi juu ya dirisha la folda. Z.

Yule sato akataka kurudi ziwani.

"Jamani, mauzo yangu yako wapi?" dada wa mauzo akaanza kulia chumba cha pili. Fundi akaitwa. Akasema tusihofu, nakala ya akiba ipo. Ya Pasaka. Tulikuwa Agosti.

Kati ya maelfu yale lilipona faili moja tu, kwa kuwa mama mhasibu hafungi Excel hata akienda kuswali. Kila siku nilikuwa namsema kwa tabia hiyo. Bosi akatukusanya wote mbele ya meza yake tuone angalau tumeokoa nini.

Michango ya harusi ya binti yake. Jina langu mstari wa kwanza, kwa wino mwekundu: ahadi 100,000, iliyolipwa 0.

Mama mhasibu akavua miwani, akaniangalia.

"Mwanangu, kumbe shida yako ilikuwa hii?"